Duka la Kitengela, klaudi mbili za nini?

Wasee, kuna ushauri umezunguka sana tangu Oktoba 2025. Tarehe 20 mwezi huo Amazon, ile kampuni inayokodishia wengine seva, ilipata hitilafu kwa vituo vyake vya Virginia, Marekani. Snapchat ikagoma, Duolingo ikagoma, Canva ikagoma. Siku tisa baadaye ikawa zamu ya Microsoft. Tangu hapo kila mtaalamu wa mtandaoni anamwambia mwenye biashara: usitegemee klaudi moja, chukua mbili. (Najua Kiswahili sanifu ni wingu, lakini huku Kitengela ukisema kuna wingu watu wanakimbia kuanua nguo.)

Mimi nakataa, angalau kwa biashara nyingi za huku kwetu.

Chukua duka la hadiwea hapa Namanga Road. Linauza simiti, mabati, misumari. Mafundi wanabeba mali kwa mkopo, wanalipa mjengo ukisonga. Zamani madeni yalikaa kwa daftari. Siku hizi yako kwa programu, na programu iko kwa seva ya mtu mbali huko. Hiyo data ikipotea, imepotea pesa. Nani atakumbuka fundi wa Noonkopir alibeba mifuko mingapi Februari? Kwa hivyo hofu yenyewe ni ya kweli kabisa. Dawa ndiyo inanishinda kuelewa.

Kuendesha biashara kwa klaudi mbili kwa wakati mmoja ni kazi. Kila kampuni ina mpangilio wake, na fundi anayejua Amazon vizuri si lazima ajue Google. Milango ya kulinda inakuwa miwili na askari ni yule mmoja, tena wa kuja Jumamosi tu. Bili nazo zinakuwa mbili, na mara nyingi zinahesabiwa kwa dola. Januari 2024 dola ilikuwa karibu shilingi 160, kisha mwaka huo huo ikashuka hadi kama 130. Bili ya dola 100 ilitoka 16,000 ikaenda 13,000 bila wewe kugusa kitu, na hakuna aliyekuahidi haitapanda tena. Halafu kuna ada ya kutoa data. Kuingiza kwa kawaida ni bure, kuitoa unalipa. Mwaka 2024 Google, Amazon na Microsoft zilifuta ada hiyo kwa mteja anayehama kabisa. Wewe sasa huhami, wewe unahamisha data huku na kule kila siku. Buda, utalipa.

Lakini hata ukiwa na hiyo doo, angalia hizo seva ziko wapi. Microsoft ilifungua vituo vyake Johannesburg na Cape Town 2019. Amazon ikafungua Cape Town 2020. Google, Johannesburg, 2024. Zote Afrika Kusini. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikawa ya kusukuma kuanzia Kenya hadi Tanzania. Siku kama hiyo klaudi mbili zinakusaidia na nini? Ni kama kubadilisha sacco asubuhi ukienda Nairobi: rangi ya matatu ni tofauti, jam ya Athi River ni ile ile. Na usiku wa 25 Agosti 2023, stima ilipopotea karibu nchi nzima, seva za Afrika Kusini zilikuwa sawa kabisa. Aliyekuwa gizani ni wewe.

Kwa hivyo kama kuna pesa ya pili, mimi ningeiweka kwa laini ya pili ya intaneti, ya kampuni tofauti, kwa betri ya kushikilia ruta, na kwa programu inayoendelea kuandika mauzo hata mtandao ukipotea.

Na data? Hapo waulizeni wafugaji wa Kajiado, ndio wanajua kugawanya mali. Mzee wa Kimaasai anapeleka baadhi ya ng'ombe kwa jamaa na marafiki wa mbali. Si ati anataka kukamua kwa boma mbili kila asubuhi. Anataka ukame ukipiga huku, kama ule wa 2022, kuwe na mbegu imebaki mahali. Hiyo ndiyo nakala. Mei 2024 Google ilifuta kwa makosa mfumo wa UniSuper, shirika la pensheni la Australia lenye wanachama zaidi ya 600,000. Walikaa zaidi ya wiki moja bila kufungua akaunti zao. Kati ya vitu vilivyosaidia kurudisha mfumo ni nakala zilizokuwa zimewekwa kwa kampuni nyingine.

Benki, au kampuni ya kupitisha malipo kila sekunde yenye mainjinia wa zamu ya usiku, inaweza kupiga hesabu tofauti na ikawa sawa. Duka la watu wanne, hapana. Hilo litoe nakala kila usiku, iende kwa kampuni nyingine, ikiwa imefungwa kwa nywila, kwa sababu majina na namba za wateja zinalindwa na sheria ya 2019. Na mara moja kwa mwezi mtu ajaribu kuirudisha kwa laptopu nyingine aone kama madeni yanasomeka. Wengi hawajawahi kujaribu.

Ukimaliza hiyo, uliza akaunti ya klaudi imesajiliwa kwa barua pepe ya nani na inalipwa na kadi ya nani. Huku mtaani mara nyingi ni ya yule kijana aliyeweka mfumo, na kijana mwenyewe alishahamia Mombasa na kubadilisha namba. Hiyo irekebishwe wiki hii, kabla hata ya mambo ya nakala.