Mwacheni Tabu Aitwe Tabu

Binti yangu ana wiki tatu, na simu hazikatiki: "Hivi kweli umempa mtoto jina la Tabu?" Shangazi kaniombea dua. Rafiki yangu, msomaji mzuri tu wa riwaya, kasema jina huumba, eti nitamfungia mtoto mikosi. Namjibu hapa, maana kwenye simu hakunipa nafasi.

Neno lenyewe lilitoka Uarabuni, likakaa pwani hadi likawa letu. Bibi yangu aliitwa Tabu kwa sababu mama yake alishikwa na uchungu siku mbili, kisha wote wawili wakapona. Hakumwapiza mwanawe. Hakuwa na kalamu wala karatasi, basi habari yake akaiweka mahali ambapo haingepotea. Ndivyo walivyofanya waliotuachia akina Shida, Mashaka, Chausiku na Masika. Sisi tunaojidai kupenda fasihi tunashindwaje kusoma maandishi ya neno moja?

Najua mtaniletea Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, akaitwa Mtumwa. Mbona aling'ara kwa jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima? Haya. Kwanza, si jina lililompa sauti. Sauti ndiyo iliyompa jina. Pili, Mtumwa na Tabu si ndugu. Alipozaliwa, utumwa ulikuwa bado halali Unguja, hadi mwaka 1897. Jina lile lilimtaja mtoto kwa cheo alichopangiwa na wengine. Tabu linasema mama alipitia nini, kwa kinywa chake mwenyewe. Lile la kwanza hata mimi ningelitupa.

Tena hao hao wanaonisuta wana watoto wanaoitwa Happiness na Goodluck. Sijaona ada zao za shule zikijilipa zenyewe.

Ni kweli, shuleni atataniwa, na hilo linaniuma. Lakini bibi naye alitaniwa, akazeeka akiitwa Bi Tabu na mtaa mzima, na hakuna aliyelitamka jina hilo bila kutabasamu. Siku binti yangu akiniuliza kwa nini aliitwa hivyo, nitamkalisha nimsimulie siku mbili zile. Ninyi mliookota majina kwenye orodha za mtandaoni, wenu wakiwauliza mtawasimulia nini?