Madrid Siyo Gran Vía Tu: Mastaa Mnaosoma Hispania, Acheni Kuwadanganya Wadogo Zenu

Wadau, mtandao umechafuka tena, na safari hii moshi unatoka Hispania. Dada mmoja wa Kibongo anayesoma Madrid, jina kapuni lakini wenye kujua wanajua, aliingia laivu usiku wa manane analia. Kisa? Kaingia duka la mikate, na muuzaji badala ya kumchekea na kumkaribisha kamwambia neno moja tu: "Dime". Dada akahitimisha hapohapo kwamba kabaguliwa na kwamba Wahispania hawana adabu. Komenti zikashuka kama mvua za masika. Pole kipenzi. Rudi nyumbani. Wazungu ndivyo walivyo.

Sasa, "dime" maana yake ni "niambie". Basi. Muuzaji wa Madrid anamwambia hivyo bibi wa miaka 80, anamwambia hivyo mtoto wa shule, anamwambia hivyo padri. Ni kama muuza duka wa Kariakoo anavyosema "sema dada, nikupe nini?" Hakuna tusi hapo, hakuna dharau.

Na asije mtu akasema hapa ubaguzi unafichwa. Upo. Mei 2023 Vinícius Júnior wa Real Madrid alitukanwa kwa sababu ya rangi yake pale uwanja wa Mestalla, Valencia, dunia nzima inaangalia, na Juni 2024 mashabiki watatu wakahukumiwa miezi 8 jela kwa kosa hilo. Ndiyo maana inauma mtu akilipaka jina hilohilo neno la muuza mikate. Siku mtu mweusi akinyimwa chumba kweli kwa sababu ya ngozi yake, nani atamsikiliza kama kila asiyeelewa lugha keshapiga kelele za ubaguzi?

Lakini kilio siyo kesi yenyewe. Kesi ni kwamba dada huyu yuko Madrid mwaka mzima. Mwaka mzima, halafu "dime" inamliza mtu! Na ndani ya mwaka huohuo ndiye aliyekuwa akiwaambia wadogo zake wa mtandaoni: "Njooni tu, Kiingereza kinatosha, Kihispania utakidaka hukohuko." Akawa anauza na "mwongozo" kwa inboksi, unatuma hela kwanza ndipo unapewa maelezo. Picha zikaendelea kushuka: Gran Vía usiku, Retiro kwenye mitumbwi, Bernabéu, Plaza Mayor na kahawa. Kila siku bata.

HESABU AMBAZO HAZIPOSTIWI

Kuna binti mmoja wa Morogoro aliyeziamini zile picha. Mama yake kauza kiwanja. Binti katua Madrid Septemba, chumba keshalipia akiwa bado Bongo, tena kwa mtu ambaye hajawahi kumwona sura. Kufika pale, mlango kafungua mzee ambaye hajawahi kupangisha chumba maishani mwake. Binti kamwandikia dada wa mwongozo inboksi. Meseji imesomwa. Jibu hakuna mpaka leo.

Hivi kweli ingemgharimu nini dada kusema mapema kwamba chumba hakilipiwi kabla hujakiona? Angeweza pia kusema hesabu ya viza inavyokuwa. Hispania inamtaka mwanafunzi aonyeshe ana angalau euro 600 kwa kila mwezi atakaokaa. Ukiiangalia kutoka Mbagala unaona ni hela ndefu. Ukifika Madrid, chumba kimoja tu ndani ya nyumba ya kushea mara nyingi kinavuka euro 500. Fanya hesabu mwenyewe kinachobaki cha kula, simu na vocha ya kumpigia mama. Hapo bado amana ya mwezi mmoja anayoitaka mwenye nyumba siku ya kwanza.

Halafu kuna karatasi. Anayekaa zaidi ya miezi 6 anatakiwa ndani ya mwezi mmoja tangu aingie aombe kadi ya mgeni, ile wanayoiita TIE. Kuiomba lazima uwe na miadi, "cita previa", na miadi inachukuliwa mtandaoni, ambako unaweza kukaa siku nzima unabonyeza na jibu ni lilelile: hakuna nafasi. Kuna pia "empadronamiento", yaani kuandikishwa manispaa kwamba unaishi mtaa fulani, na hiyo inataka mkataba wa chumba au kibali cha mwenye nyumba. Wapo wenye nyumba wanaokataa kukupa. Ofisi nyingi ikifika saa nane mchana wameshamaliza kupokea watu. Ukichelewa, kesho. Nani kawahi kuposti selfii ya foleni hiyo?

Na siyo kwamba kila kitu ni kigumu, maana hata mazuri yenyewe hawayasemi. Kijana aliye chini ya miaka 26 ana kadi yake ya usafiri, "abono joven", ambayo bei yake ya kawaida ni euro 20 kwa mwezi, na miaka ya karibuni imepunguzwa zaidi. Unapanda treni za chini, mabasi na treni za mkoa mpaka uchoke. Mchana kuna "menú del día": sahani ya kwanza, sahani ya pili, mkate, kinywaji na tunda au kitamu, sehemu nyingi kwa kama euro 12 mpaka 15. Vitu vya maana hivyo vinakosa nafasi kwenye ukurasa kwa sababu havina mvuto kama pochi mpya.

SAA ZA WATU

Mgeni wa Madrid lazima aifundishe njaa saa upya. Chakula cha mchana kinaanza saa nane, na watu wanakaa mezani mpaka saa kumi. Cha usiku ni saa tatu, wengine saa nne kabisa. Ukitoka darasani saa kumi na moja jioni na tumbo lako la Kibongo, migahawa mingi jiko limefungwa mpaka saa mbili usiku. Maduka madogo nayo yanashusha milango baada ya mchana, yanafungua jioni. Januari jua linachomoza saa mbili na nusu asubuhi, yaani unaenda kipindi cha kwanza gizani na baridi inakung'ata masikio. Juni jua linazama karibu saa nne usiku, mwili haujui ulale lini, na joto la Julai linaweza kufika nyuzi 40.

Ugali? Mtaa wa Lavapiés una maduka ya Waafrika, hasa Wasenegali, mihogo na ndizi za kupika zinapatikana. Unga mweupe wa mahindi unaokutana nao kirahisi ni ule wa arepa wa Wavenezuela, ambao ulishapikwa kabla ya kusagwa, kwa hiyo ukisonga unatoka kitu kingine. Wajanja wanazoea, wanakula wali na dengu na kuendelea na maisha. Hayo ndiyo maelezo ambayo mtu angelipia hela yake bila kulalamika.

KIHISPANIA KWANZA

Hapa ndipo uongo unapouma zaidi. Ofisi ya polisi ya wageni inaongea Kihispania. Mwenye nyumba, Kihispania. Daktari, Kihispania. Fundi wa bomba la maji, Kihispania tena cha kasi ya pikipiki. Ukiingia kliniki au sokoni hukuti mstari, unakuta watu wametawanyika, na wewe unatakiwa uulize kwa sauti, "¿Quién es el último?", nani wa mwisho, ili ujue unamfuata nani. Usipouliza utasimama hapo mpaka wafunge, kisha uingie laivu useme umerukwa kwa rangi yako.

Na anayebahatisha kwa Kiingereza ndiyo anajimaliza. Kuna kaka mmoja alitaka kuwaambia wenzake darasani kwamba anaona aibu, akachukua neno la Kiingereza akalivalisha nguo za Kihispania. Akatangaza mbele ya watu 30 kwamba yeye ni "embarazado". Neno hilo ni la ujauzito. Darasa lilikufa kwa kicheko, kaka kanuna, na tangu siku hiyo kajifungia na Wabongo wenzake wanne kwenye nyumba moja, Bongo Fleva asubuhi, magroup ya WhatsApp mchana, mechi usiku. Madrid kwake imebaki dirishani.

Kinachokera ni kwamba hakuna mtu aliyebarikiwa kukijifunza Kihispania kama Mswahili. Vokali ni zilezile tano, a, e, i, o, u, zinatamkwa vilevile. "Ñ" ni "ny" ya nyanya. "C" ya "gracias" kwa watu wa Madrid ni "th" ya themanini. "J" yao ni ile "kh" ya mtu wa pwani akisema kheri. Meza wao wanaiita "mesa" na bendera wanaiita "bandera", kwa sababu Kiswahili kiliyachukua maneno hayo kwa Wareno, ndugu zao wa jirani. Mmarekani anahangaika miaka kutamka vizuri, Mswahili anaweza kusoma gazeti kwa sauti wiki ya kwanza hata kama haelewi. Vituo vya umma vya elimu ya watu wazima vinafundisha wageni Kihispania. Mtu anakaa mwaka mzima bila kuingia hata kimoja, halafu anajiita balozi wa wanafunzi!

NA WENYE KOMENTI NAO

Lakini haki itendeke, uongo huu una wateja. Yupo kijana mmoja, wafuasi wake hawafiki hata 1,000, aliyewahi kuposti video akiosha vyombo kwenye mgahawa baada ya vipindi. Sheria inamruhusu: tangu 2022 mwanafunzi mgeni anaweza kufanya kazi mpaka saa 30 kwa wiki, mradi masomo yasiathirike. Alieleza vizuri, mshahara unavyopatikana, namna ya kumjibu bosi kwa Kihispania, hata lile la kutotuma hela ya chumba kabla ya kukiona. Mngemwona mlivyomfanya! "Kafulia." "Ulaya ya sahani." "Si bora angebaki kuuza mitumba." Siku mbili mbele akafuta. Yule binti wa Morogoro angeiona video ile, kiwanja cha mama yake kingekuwa na maana.

Kwa hiyo mastaa wanaposti bata kwa sababu bata linapigiwa makofi na ukweli unazomewa. Hiyo haiwapi ruhusa. Ukishachukua hela ya mtu kwa jina la mwongozo, wewe siyo tena mtu wa kuposti picha tu, una deni. Mdogo wako anakuita dada, anakuita kaka, anakuamini kuliko tovuti ya ubalozi. Mjibu inboksi. Mwambie aanze Kihispania miezi 6 kabla ya ndege. Mwambie kuhusu miadi, amana, baridi na saa za kula. Picha ya Retiro weka, ni bustani nzuri kweli, ila iweke pembeni ya picha ya foleni.

Na wewe unayesoma: akitokea wa kusema ukweli wiki hii, utamwandikia nini? Na kama ulishawahi kulipia "mwongozo" ukaachwa kwenye mataa, shusha kisa chako hapo chini bila jina la mtu.