Kuita Kabla ya Kusikia

Nina ugomvi na wale wanaofundisha watu kumwita bata mzinga wa porini, na ugomvi wenyewe ni wa miaka mingi. Sina ugomvi na uwindaji. Mimi mwenyewe ni mwindaji. Nilianza na kanga na kwale huko Handeni, nikimfuata mjomba, na tangu 1994 naishi Missouri, nchi ya vilima na mialoni, ambako kila majira ya kuchipua watu wazima na akili zao huamka saa tisa usiku kwenda kukaa chini ya mti na kulia kama ndege jike. Msomaji asicheke. Kazi hiyo ina elimu yake, na ndiyo maana naumia kuiona ikifundishwa kinyumenyume.

Kinyumenyume kwa sababu mwanafunzi hupewa kwanza chombo cha kulia, kisha sauti za kuiga, na mwisho kabisa, ikiwa muda umebaki, huambiwa sauti ile ina maana gani. Zamani sauti hizo zilikuwa katika kaseti. Siku hizi zimo katika simu. Vyombo viko vya kila namna: kisanduku cha mbao chenye kifuniko cha kusugua, kigae cha jiwe cha kukwaruza kwa kijiti, kiwambo cha mpira kinachobanwa kwa ulimi kwenye kaakaa, hata mfupa wa bawa la ndege mwenyewe, ambao wenyeji wa asili wa Marekani walikuwa wakiutumia kabla Mzungu hajatia mguu. Vyombo sivilaumu. Ngoma haina kosa kwa mpigaji.

Mwaka 1996 nilijiandikisha katika darasa la jioni. Mwalimu wetu alikuwa bingwa wa jukwaani, maana mashindano yapo kweli: mtu hupanda jukwaani, waamuzi hukaa mahali wasipomwona, naye hulia mlio mmoja baada ya mwingine apewe alama. Alikuwa hodari, simnyimi haki yake. Ungefumba macho ungedhani kundi zima limeingia ukumbini. Kwa wiki sita alitufundisha milio sita, na katika wiki zote hizo hatukukaa kimya kusikiliza hata jioni moja. Usiku wa mwisho alitutolea mpira mweusi wenye mikunjo kama kinanda cha mkononi, akautikisa, ukatoa mlio wa dume, ule wa gulugulugulu. Darasa zima likapiga makofi. Nikaununua palepale.

Sasa nieleze tulichokosa. Bata mzinga hapayuki ovyo. Lovett Williams, mwanabiolojia wa Florida aliyewarekodi ndege hawa kwa miaka mingi, alitoa kitabu mwaka 1984 juu ya sauti na msamiati wao, akatenganisha milio zaidi ya 20. Jike akiwa bado mtini alfajiri hutoa sauti ndogo, kama mtu anayezungumza angali kitandani. Akiruka kutua chini hutetea kwa harakaharaka. Akila na kuridhika hukoroma taratibu kama paka aliyeshiba. Lakini mkoromo uleule ukipandishwa ukali, hapo pana ugomvi. Wakati wa vuli kinda aliyeachwa na wenzake hupiga miluzi membamba, kii-kii-kii, mpaka mama amwitikie. Na liko neno moja kavu, “pat!”, ambalo maana yake ni: nimeona kitu, tuondoke. Neno hilo lina pacha wake, mlio laini wa amani, na kinachowatenga ni ukali tu. Mara ngapi nimemsikia mwindaji mwenzangu akimkaribisha ndege kwa kumpigia ukunga wa hatari! Kisha hurudi nyumbani akilaumu kiwambo chake.

Tena kuna adabu ya mazungumzo, ambayo hakuna chombo kinachoiuza. Katika mambo yao, dume husimama, akatandaza mkia, akanguruma, na jike ndiye amfuataye. Mwindaji anayelia kama jike anamtaka dume afanye kinyume cha desturi yake, yaani yeye ndiye aje. Basi anayeita kila dakika anajitangaza kuwa mwongo. Jike wa kweli huita, kisha akaendelea na shughuli zake. Kimya chake ni sehemu ya maneno yake. Jukwaani, hata hivyo, kimya hakina alama.

Ningeweza kuyasema haya yote kwa utani tu, kama si asubuhi moja ya Aprili 1997. Msimu wa kuchipua anayewindwa ni dume. Nilikuwa na bunduki ya marisau, kiwambo mdomoni na ule mpira mfukoni. Kulipopambazuka nikasikia gulugulugulu bondeni, upande wa pili wa kijito. Nikaita, akajibu. Nikaita tena, akajibu tena, lakini hakuja. Nikafanya jambo ambalo kila kitabu cha usalama wa wawindaji kinalikataza: nikaanza kumnyemelea. Nilivuka maji, nikapanda kwa magoti, nikaona kati ya majani kitu chekundu na cheupe kikitikisika. Kichwa cha dume, msomaji, wakati huo huwa chekundu, cheupe na buluu. Nikainua bunduki.

Kile kitu kikakohoa.

Alikuwa mtu wa makamo, amefunga leso shingoni, na mkononi ana mpira mweusi kama wangu. Tulitazamana. Nadhani yeye hakutambua ni kwa kiasi gani alikuwa amekaribia kufa, nami sikumwambia. Nilimsalimu, nikarudi kijitoni, nikatapika. Hadi leo naijua hesabu yake: kilichomwokoa ni mafua yake, si elimu yangu. Mwenye elimu angegundua kwamba yule “dume” alijibu mara nne kwa urefu uleule na pumzi ileile, kama saa ya ukutani. Nami nilikuwa nimehitimu. Cheti ninacho.

Watetezi wa madarasa haya wanazo hoja, na nyingine ni nzuri. Wanasema mashindano huwavuta vijana porini. Kweli. Wanasema ndege huja hata kwa mlio mbovu. Hilo nalo ni kweli. Nimesikia majike wa kweli wenye sauti ambayo jukwaani ingezomewa, na huo kwangu ni ushahidi zaidi kwamba utamu wa sauti sicho kitu kinachohitaji wiki sita. Wanasema watu wana kazi zao na msimu ni mfupi. Hapo ndipo ninapokataa. Msimu wa kupiga risasi ndio mfupi. Msimu wa kusikiliza ni mwaka mzima, haulipiwi, na hauhitaji chombo chochote.

Hata historia ya ndege huyu iko upande wangu. Mwanzoni mwa karne ya 20 alikuwa ametoweka katika sehemu kubwa ya Marekani, kwa kuwindwa bila mpaka na kufyekewa misitu. Watu wakajaribu kumrudisha kwa kufuga vifaranga mabandani na kuwaachia porini. Haikufaa, hawakuwa wamelelewa na mama wa porini. Kilichofaa ni kuwakamata ndege wa porini wenyewe na kuwahamisha, na chombo kilichofanikisha kazi hiyo miaka ya 1950 kilikuwa wavu unaorushwa kwa vijizinga vya baruti. (Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu: bata mzinga, kakamatwa kwa mzinga. Waswahili walitangulia.)

Kwa hiyo nasema: ule mpira wa mlio wa dume asiuziwe mwanafunzi. Na anayetaka kujifunza akae msimu mmoja mzima bila bunduki na bila chombo, mbali na mti wanaolala ndege, akasikie. Mjomba aliniweka hivyo mwaka mzima kwenye kanga. Nilidhani ananinyima.

Binti yangu nilimweka miaka miwili, akalalamika sana. Aprili iliyopita, asubuhi yake ya tatu akiwa na bunduki, tulikuwa chini ya mwaloni ukingoni mwa shamba la jirani. Sauti ya jike ikatoka nyuma ya mierezi, nzuri ajabu, na muda mfupi baadaye gulugulugulu. Mimi, na mvi zangu, nikamgusa bega: ndio hao.

“Baba,” akanong’ona, “yule ni mtu.”

“Umejuaje?”

“Jike hapumziki. Na dume anasema vilevile kila mara.”

Tukatoa risasi kwenye bunduki. Nikapaza sauti ya kibinadamu, kwa Kiingereza, bila kunyanyua mkono. Na kutoka nyuma ya mierezi mtu akaitika, kwa hasira kidogo, kwamba tumemharibia asubuhi yake.