Kuua virusi maabara si kumponya mtu



Tuseme umepata ruhusa ya kwenda Kigali na umefikia kwa ndugu yako Kabeza, karibu na uwanja wa ndege wa Kanombe. Jirani anakuletea chupa ya vidonge vya lishe. Karatasi yake inasema vimethibitishwa maabara kuwa vinaua virusi. Bei yake itamaliza fedha yako ya chakula. Je, ununue? Maoni yangu ni kwamba maneno hayo peke yake hayatoshi kukutoa hata faranga moja, sembuse kukuachisha dawa zako.

Kwanza tuelewe maabara hufanya nini. Wataalamu huotesha seli, yaani chembe hai za mwili, ndani ya sahani ndogo. Huziambukiza virusi, huzitia kirutubisho wanachokipima, na baada ya muda hupima virusi vilivyobaki. Kazi hiyo ni ya maana, na dawa nyingi za kweli zilianzia hapo. Lakini sahani haina tumbo wala ini. Ukimeza kidonge, kiasi kinachofika kwenye virusi chaweza kuwa kidogo mno kuliko kile kilichotiwa sahanini. Tena ni lazima kuhakikisha kwamba seli zenyewe hazikufa. Sabuni nayo huharibu virusi vingi, lakini nani atainywa?

Mwaka 1990 watafiti wa Marekani, akiwemo Linus Pauling, walitangaza kwamba vitamini C ilizuia VVU kuzaliana katika seli za maabara. Hata hivyo vitamini C haikuwa dawa ya UKIMWI. Mwaka 2020 klorokwini, tuliyoizoea kwa malaria, ilizuia virusi vya korona katika seli za figo za tumbili. Mwaka huohuo dawa ya jamii yake, haidroksiklorokwini, ilijaribiwa kwa wagonjwa waliolazwa hospitalini Uingereza. Haikupunguza vifo.

Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni hili: watu waliotumia walipata nini? Dar es Salaam swali hilo liliulizwa vizuri. Kuanzia mwaka 1995, wanawake wajawazito 1,078 wenye VVU walishiriki utafiti wa vitamini. Ripoti ya mwaka 2004 ilionyesha kwamba vitamini B, C na E zilichelewesha ugonjwa kuendelea, wakati ambao wengi hawakuwa na ARV. Lakini vitamini A iliongeza maambukizi kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Baadaye, watu 3,418 walioanza ARV walilinganishwa, wengine wakipewa vitamini za kiwango kikubwa na wengine za kiwango cha kawaida. Matokeo ya mwaka 2012 yalionyesha kwamba kiwango kikubwa hakikuleta faida ya ziada, na dalili za ini kuathirika ziliongezeka. Jambo hilo sahani isingeweza kulionyesha.

Wewe unayetumia dolutegravir, sikiliza zaidi. Vidonge vyenye madini ya chuma, kalsiamu, zinki au magnesiamu vinaweza kuizuia dawa hiyo isiingie vizuri mwilini. Ukivimeza ovyo, kile ulichonunua ili kupambana na virusi kinaweza kuvisaidia. Usiache dawa. Peleka chupa yako kituoni, wakupangie saa za kumeza.

Sisemi lishe haina maana. Mgonjwa anahitaji kula vizuri, na chakula cha tiba anachopewa mtoto mwenye utapiamlo kituoni kinaokoa maisha. Lakini lishe hujenga mwili. Haichukui nafasi ya ARV. Nchini Rwanda dawa hizo hutolewa bure, na tangu mwaka 2016 kila anayekutwa na VVU huanzishiwa bila kungoja kinga ishuke.

Wahudumu wa afya nao nawaomba jambo moja: msimkaripie anayekuja na chupa. Mtu akigombezwa leo, kesho ataificha, nanyi hamtajua kwa nini dawa zake hazifanyi kazi.

Nawe ndugu, kabla ya kutoa fedha, uliza kama kidonge kilijaribiwa kwa watu, ni wangapi, na kama walipona. Ukijibiwa "maabara" tu, rudisha chupa, fedha ikanunue maharage na mboga.