Kishikwambi, Kalamu na Msomi wa Kiswahili

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii iliwalenga wafanyabiashara, lakini leo yamkini inamhusu zaidi mwanafunzi wa chuo kikuu. Makala za jarida la Swahili Forum husomwa mtandaoni bila malipo, na sehemu ya miswada ya kale iliyohifadhiwa SOAS, London, yaweza kutazamwa na mtu aliyeketi bwenini Njoro au Maseno. Mwanafunzi hupakua, huhifadhi, kisha hupakua tena. Muhula unapokwisha, kipakatalishi chake kimejaa makala ambazo hajazigusa, naye hudhani kuwa kuwa nazo ni kuzisoma.

Wapo wanaoshikilia kwamba dawa ni kurudi kwenye karatasi, na hoja yao si ya kupuuzwa. Uchambuzi wa Delgado na wenzake uliochapishwa mwaka 2018, uliojumlisha tafiti 54, ulionyesha kwamba wasomaji huelewa matini za maelezo vizuri zaidi kwenye karatasi kuliko kwenye kiwambo, hasa muda unapowabana. Mueller na Oppenheimer nao walidai mwaka 2014 kwamba anayeandika kwa kibodi hunakili maneno ya mhadhiri neno kwa neno bila kuyatafakari. Utafiti wa mwaka 2019 uliorudia jaribio hilo haukupata tofauti kubwa hivyo, jambo ambalo wapenzi wa karatasi hawapendi kulitaja.

Hata hivyo, mjadala huu huwekwa kana kwamba mwanafunzi ana njia mbili tu, karatasi au kibodi. Ipo ya tatu: kipakatalishi kinachogeuka kishikwambi na kukubali kalamu. Si uvumbuzi wa jana. Microsoft ilizindua tarakilishi za namna hii mwaka 2002, zikawa ghali na nzito, wakazipuuza wengi. iPad ilipotoka mwaka 2010 ilikuja bila kalamu; Apple yenyewe ilileta yake mwaka 2015.

Kwa msomi wa Kiswahili kalamu hiyo si pambo. Anayechanganua sentensi kwa kielelezo cha matawi anajua adha ya kuchora matawi hayo kwa kibodi: hadi KN na KT zikae mahali pake, mhadhara umekwisha. Anayehakiki shairi hutaka kutenga ukwapi na utao kwa mstari, azungushie vina duara, ahesabu mizani juu ya kila silabi. Kibodi haina nafasi ya kazi hiyo. Tena programu nyingi za kuandikia, zisipopangwa vyema, hupiga mstari mwekundu chini ya kila neno la Kiswahili, au hulibadilisha kwa siri liwe la Kiingereza. Wino haumsahihishi mtu lugha yake.

Faida kubwa zaidi iko kwenye miswada ya hati za Kiarabu. Katika hati za zamani herufi moja iliweza kusimamia b na p pia, hivi kwamba “bata” na “pata” yaweza kuonekana sawa. Msomaji hana budi kupima muktadha, kukuza picha aone kama nukta ni nukta au doa la wino, kisha kuandika dhana yake pambizoni na kuifuta kesho akigundua alikosea. Kwenye nakala hafifu ya fotokopi, doa na nukta ni ndugu pacha.

Vikwazo vipo. Bei ya mashine hizi humshinda mwanafunzi anayengoja mkopo wa serikali, umeme hukatika, na wezi wa bwenini hawabagui. Vilevile, ujumbe wa marafiki huingia katikati ya aya ngumu, ingawa hilo ni kosa la msomaji kuliko la chombo. Intaneti yaweza kuzimwa. Mwenye fedha kidogo ni heri anunue mashine kuukuu yenye kalamu kuliko mpya ya kasi isiyo nayo, na anakili madokezo yake kwingine kila juma.

Asiye na fedha kabisa ndiye anayepaswa kuzishughulisha idara za Kiswahili. Maktaba huazima vitabu tangu zamani. Vishikwambi vitano vyenye kalamu, vikiazimwa kwa saa vilevile, vingelitosha darasa zima la uhakiki wa miswada.