Sumaku ya Kusaka Saratani, Kuanzia Makanya

Zamani sana kabla ya reli, wafua chuma wa Upare ya Kaskazini, wakiwamo wa ukoo wa Washana, walichota mchanga mweusi kwenye vijito, wakauyeyusha kwa mkaa na mivukuto, wakapata chuma kilichouzwa hadi Uchagani. Weusi wa mchanga ule ulikuwa magnetiti, madini ya chuma yanayonaswa na sumaku. Leo madini ya jamii hiyo hutengenezwa maabara yakiwa na ukubwa wa makumi ya nanomita tu, na nanomita moja ni milimita iliyogawanywa mara milioni. Hudungwa mwilini kwa sindano ili kuisaka saratani, na pengine kuiunguza.

Je, Tanzania iyatengee fedha? Swali hili lina sura moja Dar es Salaam na nyingine Makanya, kwenye tambarare kavu ya jasi na mkonge wilayani Same, ambako hospitali ya rufaa ya KCMC, mjini Moshi, iko zaidi ya kilomita 100 na taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ni zaidi ya 400.

Tiba ya kuunguza ndiyo inayosisimua watu zaidi. Mwaka 1957 Gilchrist na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba chembe za sumaku zilizonaswa kwenye tezi za mbwa hupata moto zikiwekwa ndani ya uga wa sumaku unaobadilika upesi. Kampuni ya MagForce ya Berlin, Ujerumani, ikaliendeleza wazo hilo hadi kwenye uvimbe wa ubongo. Utafiti wake uliochapishwa mwaka 2011 ulihusu wagonjwa 59 ambao saratani ilikuwa imewarudia. Nusu yao waliishi zaidi ya miezi 13 tangu iliporudi. Matokeo yanatia moyo, ila hapakuwa na kundi la kulinganishwa nalo ndani ya utafiti wenyewe. Kisha kuna masharti: metali yoyote iliyo karibu na eneo linalotibiwa lazima iondolewe, hata vijazo vya meno. Mwaka 2022 kampuni hiyo iliomba kufilisiwa. Kama Berlin imeshindwa kuifanya tiba hii ijilipe, Moshi haina sababu ya kuikimbilia.

Kusaka ni habari nyingine. Saratani ya titi inapoanza kusambaa, mara nyingi hupitia kwanza tezi moja au chache za kwapani. Daktari akizipata na kuzikuta safi, huziacha nyingine, na hatari ya mama kubaki na mkono wa kuvimba maisha yake yote hupungua. Kwa kawaida tezi hizo hutafutwa kwa rangi ya buluu na teknetiamu, dawa ya mionzi ambayo nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya saa 6. Dawa ya namna hiyo haihifadhiki kabatini wala haivumilii foleni. Chembe za chuma zinavumilia. Katika jaribio la SentiMAG lililochapishwa mwaka 2014, njia ya sumaku ilizipata tezi kwa wagonjwa asilimia 94.4, na njia ya zamani asilimia 95. Dosari zake zipo: ngozi hubaki na baka la kahawia, na picha za MRI za titi huweza kuharibika.

Kwa nchi yenye vituo vichache vya tiba ya nyuklia, hoja hiyo ni nzito. Lakini upasuaji huu ni wa mgonjwa aliyewahi, ambaye tezi zake bado hazijatuna. Tathmini ya huduma za afya ya matiti nchini ya mwaka 2017 ilieleza kuwa takriban asilimia 80 ya wanawake wenye saratani ya titi hugundulika wakiwa hatua ya tatu au ya nne. Kwa wengi wao, uvimbe wa kwapani huhisika kwa vidole, bila sumaku yoyote.

Hata hivyo, wanaodai kwamba sumaku ni anasa ya Wazungu nao wamekosea, kwa kuwa imeshaingia nchini kwa mlango wa UKIMWI. Ndani ya mashine kubwa za kupima wingi wa virusi, vipunje vya sumaku (vingi vikubwa kuliko nano) hushikana na vinasaba. Sumaku huvivuta pembeni mwa kijibomba, uchafu ukaoshwa, vinasaba vikabaki. Mashine za aina hiyohiyo zinaweza kupima HPV, kirusi kinachosababisha takriban saratani zote za shingo ya kizazi.

Hapo ndipo fedha zingeanzia. Leo kwenye vituo vingi vinavyochunguza saratani hiyo muuguzi hupaka siki kwenye shingo ya kizazi, husubiri kama dakika moja, kisha huangalia kama pametokea weupe. Ni kipimo rahisi na kimeokoa wengi, ila kinategemea jicho la aliyeshika taa. Kipimo cha HPV, ambacho Shirika la Afya Duniani lilikipa kipaumbele mwaka 2021, kinamruhusu mwanamke kujichukulia sampuli mwenyewe. Sampuli ndiyo ipande gari hadi kwenye mashine Moshi. Yeye abaki Makanya na shughuli zake. Mabinti wa Kilimanjaro walipata chanjo ya HPV kwa mpango wa majaribio mwaka 2014, miaka minne kabla ya kusambazwa nchi nzima, lakini mama zao na shangazi zao hawamo kwenye kinga hiyo.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imefungua mjadala wa nini kilipiwe kwenye kitita cha msingi. Kipimo cha HPV kinastahili nafasi hapo kabla ya sindano ya chembe za sumaku kwa saratani ya titi, ambayo kwa sasa inatosha kujaribiwa kwenye hospitali chache zenye madaktari wa upasuaji waliozoea kazi hiyo. Na kitita kisipolipia pia simu ya kumrudishia mama majibu, pamoja na kifaa cha kuunguza dalili za awali kwenye shingo ya kizazi hapohapo wilayani, mashine ya Moshi itakuwa imetoa jibu lisilomfikia mwenyewe.