Wali wa Kyela na Mzunguko wa Krebs

Mvuvi wa Matema aliyekula wali wa Kyela jioni hupiga kafi ziwani Nyasa hadi alfajiri. Chakula hicho hugeukaje kuwa nguvu ya mikono?

Swali la namna hii lilimshughulisha Hans Krebs, mtaalamu wa biokemia aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1900. Mwaka 1933 utawala wa Wanazi ulimwachisha kazi kwa sababu ya asili yake ya Kiyahudi, naye akahamia Uingereza. Huko Sheffield alikatakata misuli ya kifua cha njiwa, akaitia asidi mbalimbali, mojawapo ikiwa asidi ya limau, kisha akapima oksijeni iliyotumika. Mwaka 1937 alibaini kwamba ndani ya seli masalio ya chakula huunguzwa kwa mzunguko: asidi inayoanzisha kazi huundwa upya mwishoni, na njiani hutoka nguvu pamoja na hewa ya ukaa. Jarida la Nature halikuichapa barua yake. Mwaka 1953 alipata Tuzo ya Nobel.

Yasikitisha basi kwamba mara nyingi mzunguko huu hufundishwa kama orodha ya majina ya kukariri, ambayo husahauliwa mara mtihani upitapo. Krebs aliuliza, akapima. Mwanafunzi wa Kyela naye apewe nafasi hiyo: apulize pumzi katika maji ya chokaa kabla na baada ya kukimbia, alinganishe upesi wa maji kugeuka meupe, ndipo afunguliwe kitabu.